Foleni ya Mahabusu

Ijumaa, 19 Septemba 1997. Nkoma, Mbale

Mwalimu wetu ameagiza kila mwanafunzi awe na daftari la kuandika anachokiona muhula huu wote. Wenzangu wataandika kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu nakiwekea mitihani. Humu nitaandika lugha niliyolelewa nayo katika kambi ya askari, lugha ya marehemu baba yangu Faraj, ambaye aliitumia kutuamrisha na kutubembeleza vilevile.

Naitwa Sofia. Nina miaka thelathini na tisa. Ni afisa wa magereza, na tangu 1990 nimeshika masijala ya gereza moja la shamba ng'ambo ya Buwenge. Jina la gereza sitaliandika. Kazi yangu ni kupokea hati na kuandika nani kaingia, nani katoka. Sasa kila wiki ya pili, Ijumaa hadi Jumapili, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, mchepuo wa haki jinai. Watu wakisikia hucheka. Afande Herbert, mkuu wetu wa gereza, alinisainia ruhusa huku akiuliza, "Biashara ya nini, Sofia? Utauza wafungwa?"

Nimepanga chumba kwa Mama Gorreti, mjane wa polisi. Dirisha langu linatazama mlima wa Wanale. Nimekaa saa nzima nikiuangalia ule ukuta wa mawe, chai ikapoa.

Jumamosi, 20 Septemba

Tuko kumi na wanne: polisi, makarani wa mahakama, wawili wa benki, na mimi peke yangu wa magereza. Mwalimu ni Dk. Adero, Mjopadhola wa Tororo, mama mfupi anayefundisha akiwa amevaa raba. Zamani alipanga uzalishaji katika kiwanda cha nguo Jinja. Leo aliandika mstari mmoja tu ubaoni: waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa wiki, mara wiki wanazokaa.

"Ni kweli kwa marobota ya pamba," alisema. "Ni kweli kwa wagonjwa hospitalini. Ni kweli hata kama hampendi."

Kirunda akanyoosha mkono. Huyu ni inspekta wa polisi kutoka Jinja, Msoga, viatu vyake vinang'aa kuliko meza ya mwalimu. "Madamu, washitakiwa si pamba."

"Sawa kabisa, Inspekta. Robota likikwama ghalani, mwenye kiwanda anakosa usingizi. Mtu akikwama kwenu, nani anakosa usingizi?"

 Mimi nilikuwa nautazama ule mstari. Miaka saba nimeandika watu, sikuwahi kujua kwamba wanaweza kupimwa kama maji ya mto.

Jumatatu, 22 Septemba. Gerezani

Kazi. Wameingia wanne, wametoka watatu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimefanya hesabu ya Dk. Adero kwa mahabusu wetu, wale ambao kesi zao hazijaamuliwa. Wamo mia mbili na kumi na wawili. Kwa wastani huingia wanne kwa wiki. Gawanya: wiki hamsini na tatu kila mtu. Nikasema nimekosea, maana mimi ndiye ninayewaandika wakitoka na najua wengi hukaa wiki sita, wiki nane. Nikarudia mara tatu. Jibu lilelile.

Halafu nikaelewa. Kama wengi wanatoka mapema, basi kuna wachache waliokaa muda mrefu sana, mrefu kiasi cha kuufikisha wastani hapo. Hesabu haijui majina yao. Inajua tu kwamba wapo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imeanza, na si mvua ya kawaida. Nimefika Mbale nimelowa hadi mfukoni. Nimebeba orodha ya mahabusu ishirini waliokaa muda mrefu kuliko wote. Wa kwanza aliingia Aprili 1991.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo kila mtu aliwasilisha takwimu zake. Zamu yangu ilipofika sauti ilikuwa imenikauka kwa mafua, Dk. Adero akamwomba Kirunda anisomee orodha. Kirunda akasimama, akajikohoza kama anasoma hukumu.

"Namba moja. Elisa Lumonya, aliingia Apulili..."

Darasa likacheka. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika Rumonya, kwa R, kama lilivyo kwenye daftari la gereza. Kirunda, kama Wasoga wengi, akipewa R huitoa L, na akipewa L unaweza kusikia R. Yeye mwenyewe akacheka, jambo ambalo sikulitegemea. "Sasa mnacheka nini? Ndivyo ulimi wangu ulivyozaliwa."

Karani mmoja wa mahakama, mtu wa Wanale, hakucheka. Alisema, "Lakini Inspekta amesema sawa. Huku kwetu hakuna ukoo wa Rumonya. Kuna Lumonya."

Nilikaa chini. Dk. Adero alinitazama. "Sofia, una nini?"

"Madamu, daftari la mahakama hupangwa kwa herufi. Na letu pia."

Alifunga kitabu chake. "Chukua kitu kimoja," alisema, "ukifuate tangu mlangoni hadi kinapokwama. Usifuate ishirini. Mfuate huyo mmoja. Hiyo ndiyo tasnifu yako."

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemwita Erisa Rumonya ofisini. Namfahamu kwa sura. Ndiye anayesimamia kitalu cha kahawa na mifereji yote ya shamba. Wiki hii ambapo nyumba za askari zimeingia maji, mabweni ya wafungwa ni makavu kwa sababu yeye aliuchimba mfereji upya mwezi Agosti, kabla mtu yeyote hajaambiwa mvua itakuja hivi. Ana miaka kama arobaini. Alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Erisa, jina lako la ukoo ni lipi?"

"Rumonya, afande. Ndivyo mnaniitaga."

"Nyumbani wanakuitaje?"

Alifikiri kidogo. "Nyumbani ni Lumonya."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema siku ya kwanza. Yule askari wa langoni aliyetuorodhesha akaniambia, R na L ni ndugu."

Alishitakiwa kuiba fahali wa jirani. Alikamatwa Mbale, akakana mbele ya hakimu, na kwa kuwa mahabusu kule ilikuwa imejaa, wakaletwa kwetu yeye na wengine tisa. Wale tisa waliitwa tena mahakamani mmojammoja. Yeye hakuitwa.

"Hukuuliza?"

"Nauliza kila ukaguzi, afande. Wanasema, hii kesi ya Mbale, si yetu, ngoja. Basi mimi nangoja."

Aliyasema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza namna ya kupanda miche. 

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Wanasema maji ya mto Mpologoma yamefika ukingoni mwa barabara ya Tirinyi.

Ijumaa, 17 Oktoba. Mbale

Naandika taratibu.

Nimefika Mbale saa nne asubuhi na kwenda moja kwa moja mahakamani. Kirunda alikuwa ananingoja ngazini. Sikumwomba. Alisema, "Wewe ukiingia na sare ya magereza watakwambia rudi kesho. Mimi nikiingia wanatoa kiti." Na kweli walitoa kiti. Nilikuwa nikimwona mtu wa majivuno. Leo alivua koti lake la inspekta akapanda juu ya rafu za mafaili yenye vumbi, akawa ananitajia mwaka baada ya mwaka.

Tuliipata chini ya L. Erisa Lumonya, wizi wa ng'ombe mmoja dume. Faili nyembamba kama chapati. Hati ya mashitaka. Maelezo ya mlalamikaji. Kisha karatasi ya tarehe 14 Februari 1992: mlalamikaji amefika mbele ya hakimu na kusema fahali wake amepatikana, alikuwa amejiunga na kundi la mtu mwingine. Kesi imefutwa. Mshitakiwa aachiliwe mara moja.

Huyu mtu amekuwa huru kwa miaka mitano na miezi minane.

Kirunda akashika kichwa. "Kwa hiyo hati ya kumwachilia haikufika kwenu?"

Nikafunua karatasi ya mwisho. Ilifika. Ile karatasi ya mwisho ilikuwa jibu la gereza letu: "Rejea hati yenu ya kumwachilia Erisa Lumonya. Tumepekua daftari. Mtu wa jina hilo hayupo gerezani hapa." Chini yake kuna sahihi. S. Faraj, masijala.

Ni mwandiko wangu. Ile S ninayoipinda mkia hadi leo.

Sikumbuki siku hiyo. Nimejaribu mchana kutwa na siikumbuki. Lazima nilifungua daftari kwenye L, nikapitisha kidole, sikumwona, nikaandika barua, nikaenda kula. Sikudanganya. Sikupuuza amri. Nilifanya kazi yangu sawasawa, na kwa dakika kumi za kazi sawasawa nikamfunga mtu karibu miaka sita.

Kirunda alisoma ile sahihi, akanitazama. Nilidhani atasema neno la kipolisi. Alisema tu, "Dada Sofia, kaa kwanza."

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekwenda Wanale, kijiji cha Erisa kilichoandikwa kwenye faili, na Mama Gorreti, kwa sababu mimi Lumasaba, lugha ya huko, sijui. Mvua ilikuwa imepumzika. Maporomoko yalikuwa yanashuka ule ukuta wa mawe, si moja wala mawili. Nilihesabu kumi na moja, meupe, marefu, na sauti yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Mama Gorreti, aliyezaliwa hapa, alisimama pia. "Hata mimi sijawahi kuyaona yote pamoja," alisema.

Mama yake Erisa anaitwa Topista. Tulimkuta anachambua maharage barazani. Nikasalimia, "Shikamoo mama." Alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Ni hicho Kiswahili," Mama Gorreti aliniambia kwa upole. "Waliowahi kuja hapa na Kiswahili walikuja na bunduki."

Nikakaa chini kwenye baraza, nikanyamaza. Mama Gorreti akazungumza na mlango. Alizungumza muda mrefu. Nilisikia jina Erisa mara moja, kisha komeo likatoka.

Topista akatoka. Alitushika mikono, mmoja huku na mmoja huku, akatupeleka nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Kulikuwa na kaburi lenye mawe pembeni, limepaliwa vizuri. Mama Gorreti akatafsiri: walimtafuta Mbale, wakaambiwa amehamishwa. Topista akaenda gereza moja baada ya jingine. Mwaka 1993 alifika hadi lango letu, akaambiwa Lumonya hayupo. Akarudi, wazee wakaketi, wakakata shina la mgomba, wakalivisha shati la Erisa na kulizika, ili roho ipate pa kulala.

Sikuuliza ni nani pale langoni aliyemwambia hayupo.

Nilimwambia mwanawe yu hai, ana afya, anasimamia kahawa na mifereji. Mama Gorreti alipotafsiri neno mifereji, Topista alicheka ghafla na kufunika mdomo. Alisema, "Huyo ni yeye. Alipokuwa mdogo alinichimbia mfereji hadi jikoni."

Kisha akasema neno jingine, na Mama Gorreti akasita kulitafsiri. "Anasema usiniletee maneno. Niletee mguu wake wa kushoto."

Jumatatu, 20 Oktoba. Gerezani

Nilimwekea Afande Herbert nakala za faili mezani, ile barua yangu juu kabisa. Alizisoma akiwa amesimama. Ni mtu wa kabila la Lango, mrefu, na miaka yote hii nimemwogopa.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Inspekta Kirunda, afande. Na mama wa mahabusu."

"Unajua hii barua inaweza kukutoa kazini? Na hiyo shule yako?"

"Najua, afande."

"Niachie hizi karatasi. Usimwambie mahabusu kitu mpaka nirudi."

"Afande, kila siku ni..."

"Nimesema mpaka nirudi."

Alitoka na gari. Nakala niliyo nayo ni moja tu, nimeifunga ndani ya msahafu wa baba.

Jumanne, 21 Oktoba

Hajarudi. Mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Hajarudi. Nimepita kitaluni. Erisa alikuwa anafunika miche kwa majani ya migomba isipigwe. Akaniamkia. Nikaitika nikapita haraka kama mwizi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Redio imesema barabara zimekatika sehemu nyingi na ardhi imeporomoka milimani. Nawaza: amezichoma. Watu wakubwa huchoma. Nawaza pia, Mungu anisamehe, kwamba akizichoma nitabaki na kazi. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kunywa kikombe kizima cha chai. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 27 Oktoba

Amerudi saa tisa mchana, matope hadi magotini. Alikwenda Mbale, akakwama siku tatu upande wa pili wa maji, akavuka kwa mtumbwi, akaenda makao makuu Kampala, akarudi. Ameleta hati mpya yenye mihuri miwili.

Nilisimama. Akatoa ile barua yangu ya 1992, ile halisi ya Mbale, akaweka kidole pembeni kabisa mwa karatasi, mahali ambapo sikuwa nimetazama. Kuna alama ndogo ya kalamu nyekundu. H.O.

"Mimi nilikuwa naibu," alisema. "Barua zote zilipita kwangu. Nilitia alama bila kusoma." Aliketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. "Nimewaeleza makao makuu mambo yote, yako na yangu. Sasa nenda ukamwambie. Au nikamwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi, afande."

Jumanne, 28 Oktoba

Nilimwambia kitaluni, saa mbili asubuhi, tumesimama kati ya miche. Nilimsomea hati ya hakimu ya 1992. Kisha barua yangu. Kisha nikasema, "Aliyeandika ni mimi."

 Matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani. Nilitegemea anitukane, nilitamani anitukane.

"Huyo fahali alipatikana?" aliuliza hatimaye.

"Alipatikana."

"Mwezi gani?"

"Februari, mwaka wa tisini na mbili."

"Basi nilimwambia hakimu ukweli." Akavuta pumzi ndefu. "Afande, soma tena ile ya hakimu. Ile ingine usisome."

Nikaisoma. Akaomba mara ya tatu. Mara ya tatu alikuwa anaisema pamoja nami, mdomo ukitembea bila sauti. Kisha akaketi kwenye matope akalia, si kwa kelele, mabega tu. Nami nikaketi hapohapo na sare yangu.

Alipofuta uso alisema, "Wewe nimekukasirikia. Sikudanganyi. Lakini wewe ndiye umekuja kunitafuta, kwa hiyo sijui hasira niishike upande gani." Halafu, "Mama yangu yuko?"

"Yuko. Anakusubiri."

Kabla ya kuondoka alizunguka kitalu chote na mfungwa atakayemrithi, akimwonyesha mfereji gani ufunguliwe lini. Ilichukua saa mbili. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Alhamisi, 30 Oktoba. Mbale

Kirunda aliomba gari la rafiki yake na kutupitisha njia ya Tororo, kwa sababu ya Tirinyi bado ina maji. Erisa alikaa mbele. Ukatokea ukuta wa Wanale na maporomoko yake. Hapo akasema, "Simamisha." Akashuka, akasimama barabarani kwenye manyunyu. Tulimngoja.

Topista alikuwa kwenye baraza, na majirani wamejaa uani. Hakusimama. Alisema neno, na Mama Gorreti, tuliyempitia mjini, akaninong'oneza: "Geuka." Erisa akageuka. "Vua kiatu. Inua mguu." Erisa, mtu mzima, akajishika nguzoni akainua mguu wa kushoto kama punda anayekaguliwa kwato. Kwenye kisigino kuna kovu la moto la utotoni. Mama alilishika kwa mikono yote miwili, akalipapasa, akaliwekea shavu, na akabaki hivyo.  Nilimtazama Kirunda. Alikuwa ameutazama mlima, machozi yakimdondokea kwenye viatu vyake.

Baadaye wazee walikuja na jembe. Wageni tuliombwa tuondoke, maana kufukua kaburi la mtu aliye hai ni jambo la ukoo.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimewasilisha darasani. Sikuficha jina langu. Nilipomaliza, Dk. Adero hakusema vizuri wala vibaya. Alifuta ubao wote, akauacha mtupu, akasema, "Leo hatuendelei. Nendeni mkatazame madaftari yenu." Makarani wawili walitoka wakikimbia kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Barua ya karipio imefika, na Afande Herbert amepata yake. Mimi natolewa masijala mwisho wa mwezi, nashushwa cheo kimoja. Ruhusa ya masomo wameniachia. Nimeomba jambo moja kabla sijakabidhi ofisi, na Afande amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumetoa meza nje chini ya paa la ghala, mimi na Afande Herbert, kila mmoja na daftari lake. Mahabusu wote mia mbili na tisa wamepangwa foleni. Kila mmoja anataja jina lake mwenyewe, kama mama yake anavyolitaja, na mimi naandika. Nikimaliza namsomea. Akikataa nakata, naandika tena. Wa kwanza hawakuamini. Walitazama kule na huku kama kuna mtego. Kufikia wa ishirini walikuwa wanasahihishana wenyewe nyuma huko, wanabishana kuhusu herufi, wanacheka.

Afande anaangalia daftari la zamani, mimi naandika jipya, na tofauti tunaziwekea alama. 

Mvua ilipotufukuza tulikuwa tumefika wa sitini na tatu. Amepatikana Erisa mwingine.